Triga Iliyodhaniwa Nzito: Uchambuzi wa Kisa cha Bunduki ya Kwanza ya Mpwa Wangu

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, saa tatu usiku, nilikuwa nimekaa barazani kwangu Chumbageni, hapa Tanga, simu ilipoita kwa picha. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Ngamiani, ambaye sasa ni mkazi wa jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Kwake ilikuwa mchana. Nyuma yake niliona meza ya useremala, jiliwa, na mtutu uliolazwa juu ya taulo. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuniuliza hali ya mguu wangu, aliniambia: "Mjomba, ninaunda bunduki yangu ya kwanza. Nimebakiza triga tu. Nataka ya pauni moja na nusu. Unaionaje?"

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu swali lile, ambalo lilionekana ni la kuchagua bidhaa dukani, lilichukua miezi mitatu kujibiwa, na jibu lake halikupatikana dukani. Mimi niliwahi kufanya kazi kwa miaka mingi kama msaidizi wa fundi katika kambi za uwindaji wa kitalii upande wa Handeni, nikisafisha na kukagua bunduki za wageni kabla hawajaingia porini. Kifyatulio, askari na mafundi wote niliofanya nao kazi walikiita triga, na ndivyo nitakavyokiita. Uzito wake, kama ile pauni moja na nusu, ni nguvu ambayo kidole kinahitaji ili kuivuta mpaka bunduki ilie.

Jambo la sheria nilimaliza naye mapema. Huko aliko, mtu anayeruhusiwa kumiliki silaha anaweza kujiundia bunduki ya matumizi yake mwenyewe. Kipande kinachohesabiwa kuwa ndiyo bunduki ni ule mwili wa chuma unaopokea bolti, yaani komeo la chuma linalofunga nyuma ya risasi, nacho alikinunua kwa muuzaji mwenye leseni, akajaza fomu ya serikali namba 4473, akachunguzwa, ndipo akakabidhiwa. Yeye ana kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu, kwa hiyo hakuwa na kikwazo. Mtutu, kitako na triga ni vipuri tu mbele ya sheria yao. Msomaji wa Tanga asiyachukue hayo akayaleta hapa: kwetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kuunda bunduki mezani pako ni njia fupi ya kwenda gerezani.

Sasa kisa chenyewe. Mwili wa chuma alioununua ulikuwa wa Remington 700, bunduki ya bolti iliyoingia sokoni mwaka 1962, na huu wake ulitengenezwa miaka ya sabini. Aliupata kwa bei nafuu kutoka kwenye bunduki iliyokuwa imechoka mtutu. Akanunua mtutu mpya wa risasi za aina ya 6.5 Creedmoor na kitako cha mti kilichokwisha kutumika. Nia yake ilikuwa kuwinda kulungu wa mkia mweupe wakati wa msimu, unaoanza kule mwishoni mwa Novemba, na siku nyingine kulenga shabaha kwenye uwanja wa klabu. Triga ya zamani ilikuwa bado imo ndani, nayo ni ya aina inayojulikana kwa jina la mbunifu wake, Walker.

Hapo nakiri kosa langu la kwanza. Nilipoiona triga ile kwenye simu, imara, ya chuma, skrubu zake zote zipo, nilimwambia aisafishe, airekebishe, atunze hela zake. Sisi tuliokulia kwenye upungufu wa vipuri tuna ugonjwa huu: hatuwezi kuona kitu kinachofanya kazi kikitupwa. Usiku ule sikulala vizuri, kwani nilikumbuka maneno ya fundi wangu wa kambini, aliyekuwa akizitenga bunduki za aina ile na kuzikagua mara mbili. Asubuhi nilimpigia mwenyewe nikamwambia asahau niliyosema jana.

Sababu ni hii. Katika bunduki ya bolti, pini inayopiga risasi inasukumwa mbele na springi kali, lakini inazuiwa na kulabu ndogo ya chuma. Kulabu hiyo nayo inategemezwa na triga. Unapovuta triga, tegemeo linaondoka, kulabu inashuka, pini inaruka. Eneo linalogusana kati ya tegemeo na kulabu ni jembamba mno, jembamba kuliko ukucha. Katika ubunifu wa Walker, kati ya triga na kulabu kuna kipande cha tatu, kiunganishi, ambacho hakikufungwa kwenye triga bali kinakandamizwa nayo kwa springi tu. Kila unapofyatua, kipande hicho huachana na triga kidogo, kisha hutakiwa kurudi mahali pake. Lengo lilikuwa zuri, yaani mvuto laini na mkato safi. Lakini ukiingia uchafu, au mafuta yaliyoganda, au barafu kwenye ule mwanya, kiunganishi kinaweza kurudi nusu. Hapo kulabu inakuwa kama komeo lililoingia ukingoni tu mwa tundu lake: mlango unauona umefungwa, mpaka siku upepo upige.

Ubaya uliongezwa na jambo jingine. Bunduki hizo zilizotengenezwa kabla ya 1982 zilikuwa na usalama, yaani kile kizuizi cha kutofyatua, unaofunga bolti pia, hivyo ili utoe risasi iliyomo ndani ulilazimika kwanza uondoe usalama. Na ni wakati huohuo wa kuondoa usalama ndipo kulabu inaporudi kukaa juu ya kiunganishi, ikikikuta au isikikute. Mwaka 2000, katika jimbo la Montana, mtoto wa miaka 9 alipoteza maisha baada ya mama yake kuondoa usalama wa bunduki ya aina hii ili aipakue. Familia ilisema mama hakugusa triga. Kampuni ya Remington ilishikilia kwa miaka mingi kwamba kifaa chake ni salama. Hata hivyo mwaka 2006 ilileta triga mpya isiyo na kiunganishi, na mwaka 2014 ikazirudisha kiwandani bunduki zenye triga hiyo mpya pia, kwa sababu gundi ya kuzuia skrubu ilikuwa imewekwa kupita kiasi wakati wa kuziunganisha. Kesi ya pamoja iliyohusu mamilioni ya bunduki iliishia kwa makubaliano, ambayo mahakama iliyaidhinisha mwaka 2017, ya kuwabadilishia wamiliki triga. Muda wa kudai ulikuwa umepita tulipokuwa tunazungumza.

Nilimsomea mpwa wangu hayo yote taratibu. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi mjomba, hii tunaing'oa." Swali la kwanza likawa limekwisha: si kurekebisha, ni kubadilisha.

La pili lilikuwa aina. Kuna triga za hatua moja, ambazo kidole kinakutana na ukuta papo hapo na ukuta ukivunjika risasi imekwenda, na kuna za hatua mbili, ambazo kwanza unavuta ulegevu mwepesi, unafika ukutani, ndipo unaongeza nguvu. Bunduki za kijeshi za zamani, Mauser 98 ya Wajerumani na Lee-Enfield ya Waingereza kwa mfano, zote ni za hatua mbili. Hapa Tanga zilisikika zikibishana mwezi wa Novemba 1914, Wajerumani walipowashinda Waingereza, ingawa makombania mengi ya Wajerumani yalikuwa bado yanabeba bunduki za 1871 zenye baruti ya moshi, na ni ushindi ule uliowapatia bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu. Majeshi hayakupenda hatua mbili kwa ajili ya ulengaji wa madoido. Yalizipenda kwa sababu mkono uliochoka na wenye hofu unapewa onyo kabla ya mlio. Hoja hiyo inamfaa mwindaji pia, na mimi binafsi ningechukua hatua mbili. Lakini yeye alikuwa amejifunza kwenye bunduki za klabu ambazo zote ni za hatua moja, na kidole kilichozoea ukuta wa papo hapo kikipewa ulegevu huchanganyikiwa. Nilimwachia. Mtu asibadilishwe mkono kwa sababu ya mapenzi ya mjomba wake.

Kwa mwili wa Remington 700 vipuri vya triga vipo vingi kuliko bunduki yoyote ya bolti ninayoifahamu, kwa kuwa mafundi wengine wengi wamenakili umbo lake. Alileta majina mawili: Timney, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1946, na TriggerTech ya Kanada, ambayo imeweka kigurudumu kidogo kati ya triga na kulabu ili vyuma viviringike badala ya kukwaruzana. Zote mbili hazina kile kiunganishi cha kuelea. Zote zina aina zinazorekebishika kati ya pauni 1.5 na 4. Sitaandika alichagua ipi, kwa sababu yoyote kati ya hizo mbili ingemfaa, na kwa sababu ukiandika jina, watu husoma jina tu wakaacha mengine.

Tulichobishania kwa kweli ni uzito. Yeye alikuwa ameng'ang'ania pauni moja na nusu, yaani gramu 680 hivi. Alikuwa ametazama mafundi wa shabaha wakifyatua triga nyepesi kama unyoya na matundu yote yakakaa ndani ya sarafu. Mimi nilisema pauni tatu, gramu 1,360. Maneno hayakumshawishi, kwa hiyo nilimwomba afanye jaribio. Nikamwambia achukue chupa mbili za maji, moja aijaze mililita 680, nyingine lita moja na mililita 360, kwa kuwa maji hayadanganyi: mililita moja ni gramu moja. Kila chupa aifunge uzi shingoni. Kisha avae glovu zake za kuwindia, afumbe macho, na mke wake amtundikie uzi kwenye kidole cha shahada, chupa ikiwa mezani, kisha amwinue mkono polepole, naye aseme "sasa" pale anapohisi uzi umeanza kuvuta.

Nilitazama kwenye simu. Kwa chupa kubwa alisema "sasa" mapema, chupa ikiwa bado imegusa meza. Kwa chupa ndogo, mkewe alimwinua mkono, akainua, chupa ikaacha meza, ikaanza kubembea hewani, na yeye bado amefumba macho akisubiri. Mkewe alicheka kabla yake. Alipofumbua macho na kuiona ile chupa inaning'inia kidoleni mwake, hakusema lolote kwa muda. "Na Novemba kutakuwa na theluji," nikamwongezea. Tukaandika pauni tatu.

Naomba nieleweke hapa, kwa kuwa hoja hii hupotoshwa. Triga nyepesi si dhambi. Mlenga shabaha aliyekaa kwenye benchi, bunduki imeegemezwa, bolti inafungwa pale tu anapokuwa tayari, anaweza kutumia hata robo ya uzito ule. Triga hufuata mazingira ya mkono. Mkono wa mpwa wangu ungekuwa na glovu, ungekuwa umetoka kupanda kilima, na mbele yake kungekuwa na mnyama wa kwanza katika maisha yake.

Triga ilifika Septemba. Kuifunga ni kazi ndogo: pini mbili zinasukumwa, ya zamani inatoka, mpya inaingia. Pini mojawapo inashika pia kizuizi cha bolti na springi yake, na springi hiyo iliruka kama nilivyomwonya, akaitafuta chini ya friji kwa nusu saa. Baada ya hapo alifunga mwili wa chuma kwenye kitako, akakaza skrubu, akahakikisha chemba, tundu linalokaa risasi, ni tupu, akavuta triga. Kisha akanipigia.

"Mjomba, kiwanda kimenidanganya. Triga hii nzito. Nimeipima kwa kipimo cha uzito wa triga, inasoma gramu 1,900. Nimeshashika bisibisi, nailegeza skrubu mpaka ifike 1,360."

Hapa ndipo penye kisa. Nilimwambia aweke bisibisi chini. Nikamuuliza amepima mara ngapi. Mara kumi. Nikamwomba anisomee namba zote, si wastani. Akasoma: 1,720, 2,100, 1,850, 2,150, 1,790, na kuendelea hivyohivyo, zinapanda na kushuka kama bei ya dagaa. Springi haifanyi hivyo. Springi ikiwa nzito ni nzito kila mara. Namba zinazotapanyika namna ile ni za vitu viwili vinavyosuguana, na msuguano haumo ndani ya triga mpya iliyotoka kiwandani juzi. Nikamwambia: "Ivue kitako. Pima chuma kitupu."

Akavua. Akapima mara kumi nyingine. Ya chini kabisa 1,340, ya juu kabisa 1,380.

Nilimwomba aisogeze triga karibu na kamera, upande kwa upande. Upande wa kulia ulikuwa mweusi tii. Upande wa kushoto, karibu na mzizi wa kidole cha triga, yaani ile sehemu inayovutwa, palikuwa na alama ndogo inayong'aa, ndefu kama punje ya mchele, mahali rangi ilipokwanguka. Kidole cha triga mpya kilikuwa kipana kidogo kuliko cha zamani, na skrubu za kitako zilipokazwa zilikuwa zinakivuta kiguse ukuta wa mti. Kila alipovuta alikuwa anavuta triga na anakwaruza kitako kwa pamoja.

Fikiria kama angelegeza ile skrubu. Kipimo kingeonyesha 1,360 na yeye angeridhika. Lakini katika namba hiyo, gramu 540 hivi zingekuwa za mti, na triga yenyewe ingebaki na gramu 820 tu. Agosti na Septemba kule hewa ina unyevu na mti umevimba. Ikifika Novemba, nyumba zinapopashwa joto na hewa kukauka, mti hunywea. Ukuta ungejitenga na triga wenyewe, pasipo mtu kugusa kitu, na asubuhi ya kwanza ya msimu angeingia msituni na glovu zake akiwa na bunduki nyepesi karibu nusu ya ile anayodhani anayo. Hakuna kampuni ambayo ingekuwa na kosa. Triga ingekuwa nzima, kitako kizima, na kipimo hakikusema uongo hata mara moja.

Dawa yake ilikuwa tupa na msasa, tena kwenye mti, si kwenye chuma. Aliondoa chini ya milimita moja upande wa kushoto wa tundu, akapaka mafuta ya kukinga mti palipobaki wazi, akasubiri siku mbili, akafunga upya. Kipimo cha nafasi kilikuwa noti ya dola moja iliyokunjwa mara mbili: ipite pande zote za triga bila kukwama, skrubu zikiwa zimekazwa kabisa. Ikapita. Vipimo kumi vya ndani ya kitako vikarudi kati ya 1,350 na 1,380.

Kisha yakaja majaribio ambayo fundi wangu hakuwahi kumruhusu mtu ayaruke, hata kama mgeni amesimama anasubiri gari. Risasi zote zilitolewa nje ya chumba na chemba ikaangaliwa kwa macho na kwa kidole. Bolti ilifungwa kwa nguvu, kwa kuisukuma kama mtu mwenye haraka, mara ishirini, ili kuona kama pini itashuka yenyewe. Usalama uliwekwa, triga ikavutwa kwa nguvu, ikaachiwa, kisha usalama ukaondolewa bila kugusa triga, mara ishirini. Hili ndilo jaribio ambalo triga ya Walker yenye uchafu ingeweza kulishindwa. Mwisho kitako kiligongwa kwa nyundo ya mpira chini, ubavuni na juu. Pini haikushuka hata mara moja. Nilimwambia ayarudie yote Novemba, na triga isitiwe mafuta, kwani mafuta mazito ndani ya triga wakati wa baridi ni gundi. Aliyarudia gereji, nje kukiwa na nyuzi nne chini ya sifuri, akiwa amevaa glovu. Matokeo yakawa yaleyale.

Shabaha zake hazikuwa na ajabu: risasi tano ndani ya sentimita nne kwa yadi mia, nami nikamwambia hiyo inamtosha kulungu yeyote. Aliniuliza kama angepata sentimita tatu kwa triga nyepesi. Nilimjibu kwamba labda, akiwa kwenye benchi. Hakuuliza tena. Skrubu ya uzito waliifunga kwa tone la rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu, ili ikizungushwa hata kidogo ufa uonekane.

Ilibaki ile triga ya zamani. Aliniambia kuna mtu klabuni anataka kumpa dola thelathini, anazo bunduki mbili za zamani na anataka kipuri. Nilimuuliza mtu huyo atamwuzia nani siku akichoka nayo. Hakuwa na jibu, na mimi sikuongeza neno. Dola thelathini ni zake, si zangu. Siku tatu baadaye alinitumia picha bila maelezo. Triga ilikuwa imebanwa kwenye jiliwa, imepigwa nyundo mpaka imebetabeta, na kile kiunganishi, kipande chembamba kisichozidi upana wa kiberiti, kilikuwa kimewekwa peke yake juu ya taulo.